Hodi ya Kunong'ona

Kila asubuhi, jua la Timbwani, mtaa wa Likoni, likiwa bado halijapata nguvu, Sheikha alikuwa ameshahofia mambo ambayo mtu mwingine angeyahofia kwa mwezi mzima. Alihofia kwamba feri ingekwama katikati ya maji, na Baba, ambaye alivuka kila siku kwenda dukani kwake kisiwani, asirudi. Alihofia kwamba mwalimu angemwita ubaoni. Alihofia kwamba ameacha mlango wa banda la kuku wazi. Alirudi kuutazama, akaukuta umefungwa, akashika njia tena, na kabla hajafika pembe ya njia wasiwasi ulikuwa umemrudia.

"Shoga, mlango huo utachoka kutazamwa," rafiki yake Kafedha alimwambia walipokuwa wakienda bombani na ndoo zao. "Hata kuku wenyewe wanakucheka."

Kafedha alikuwa jirani yao, binti wa Mzee Chengo aliyekuwa kuli bandarini. Yeye kuogopa hakukujua. Alipanda mikorosho, alibishana na muuza samaki, na akianguka alicheka kabla ya kuinuka. Sheikha alimpenda sana, na mara nyingine alimwonea wivu.

Si kwamba Sheikha hakuwa na maneno. Nyumbani alizungumza kutwa kama redio. Lakini mgeni akiingia tu, redio ilizimwa. Sauti ilimkauka, viganja vilimtoka jasho, na tumbo lilimsokota. Mama, maskini, alidhani ni minyoo. Sheikha alikuwa amenyweshwa dawa ya minyoo nyingi kuliko mtoto yeyote wa Likoni, na minyoo yenyewe haikuonekana.

Mwaka huo ulikuwa 1962. Barazani wanaume walizungumza uhuru tangu alasiri hadi magharibi: utakuja lini, utakuja vipi, na nani atashika nini. Ndani, wanawake walikuwa na jambo lao lililowashughulisha zaidi. Ruwaida, dada yake Sheikha, alikuwa anaolewa.

Arusi ya Timbwani siku hizo haikualikwa kwa kadi. Ilialikwa kwa miguu na kwa mdomo. Wanawake wawili wa upande wa bibi arusi walivaa buibui safi, wakapita nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaulizana hali, ndipo wakatoa ujumbe. Nyumba isiyopigwa hodi haikualikwa, hata kama imepakana na nyumba ya arusi, hata kama wenyewe wanasikia vigelegele kupitia ukutani. Hakuna mwanamke mwenye heshima zake ambaye angekwenda bila kualikwa. Na aliyerukwa hakusahau upesi.

Shangazi ndiye aliyepewa kazi hiyo, na Sheikha akaambiwa afuatane naye. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akawa anatembea nyuma ya Shangazi huku ameshika pindo la buibui lake, akiomba asiulizwe kitu.

Kabla hawajatoka, Nyanya aliwaita. Magoti yalikuwa yakimsumbua, hata kufika pembe ya njia kulimshinda.

"Kwa Mwanatatu mwende," alisema. "Msimsahau. Na mkamwalike vizuri."

Shangazi alimtazama Nyanya, kisha akatazama chini. Mtaa mzima ulijua habari ya Bi Mwanatatu. Yeye na Nyanya walikuwa marafiki tangu usichana wao, mpaka Nyanya alipoazima sufuria kubwa ya pilau ya mwenzake, ikatoboka kabla hajairudisha. Bi Mwanatatu alisema neno, Nyanya naye akasema neno, na tangu hapo mmoja akipita huku mwenzake alipita kule. Sasa Nyanya alikuwa ametafuta njia ya kupatana, na njia yenyewe ilikuwa arusi hii. Bi Mwanatatu ndiye aliyemtia hina Mama alipoolewa, ndiye aliyemtia hina Shangazi, na Ruwaida tangu udogo wake alisema hatatiwa hina na mtu mwingine.

"Akija," Nyanya alisema, "yamekwisha."

Walizunguka mchana kutwa. Kila nyumba Shangazi alipiga hodi kwa sauti yake nzuri, akakaa, akanywa maji, akasema: "Watu wa kwa Bwana Faraj wakusalimia sana. Arusi ya Ruwaida ni Alhamisi, hina ni Jumatano, na Jumatatu mwaombwa mje mchague mchele. Uje wewe na wa nyumbani kwako." Sheikha aliyasikia maneno hayo mpaka yakawa yanajisema yenyewe kichwani mwake.

Jua lilikuwa limeshuka wakati champali ya Shangazi ilipokatika ukanda. Alikaa juu ya jiwe, akajisugua miguu.

"Imebaki nyumba moja, ile pale, ya Bi Mwanatatu," alisema. "Nenda wewe, mwanangu. Maneno umeyasikia. Miguu yangu imekwisha leo."

"Peke yangu?"

"Kwani utaliwa? Nenda, nakungoja hapa."

Sheikha alikwenda. Bi Mwanatatu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa. Akimwita mbuzi wake, watu wa feri waligeuka. Kila hatua Sheikha alijiambia: atanikemea. Nitasahau maneno. Atasema, wamekosa mtu mzima wa kumtuma? Alipofika, mlango ulikuwa wazi na pazia limeteremshwa. Nyuma ya pazia alisikia mtu akikohoa.

Alimeza mate.

"Hodi," alinong'ona.

Hata nzi aliyekuwa juu ya pazia hakushtuka.

"Hodi," alinong'ona tena. Halafu mara ya tatu, kwa sauti ndogo kuliko zote: "Hodi."

Sasa, chuoni kwenye masomo ya Kurani Sheikha alikuwa amefundishwa adabu ya hodi. Piga hodi mara tatu, usipojibiwa, ondoka. Mimi nimepiga tatu, alijiambia. Sikujibiwa. Na alipojiambia hivyo, tumbo lililegea, raha ikamjia mwili mzima, akageuka, akaondoka upesi.

"Umefika?" Shangazi alimuuliza.

"Abee, nimefika."

"Akasemaje?"

Sheikha alitazama ile champali iliyokatika. "Hakusema kitu."

Shangazi alitikisa kichwa. "Hata neno moja? Bado ana kinyongo, basi." Wakarudi nyumbani.

Ile raha haikudumu hata mpaka wakati wa kulala.

Jumatatu ukumbi ulijaa wanawake. Mikeka ilitandikwa, magunia ya mchele yakafunguliwa, na kila mtu akapewa ungo wake. Walichagua mchele huku wakicheka, wakitaniana, wakimfanyia Ruwaida mzaha mpaka akakimbilia chumbani. Kando ya Nyanya palikuwa na nafasi tupu kwenye mkeka, na mbele ya nafasi hiyo palikuwa na ungo ambao Nyanya hakumruhusu mtu kuugusa. Kila pazia liliposogea Nyanya aliinua macho. Aliingia huyu, akaingia yule. Bi Mwanatatu hakuingia.

"Mwacheni," mwanamke mmoja alisema. "Huyo kiburi kimemjaa. Kaalikwa kwa heshima zake, hata jibu hakutoa."

"Hata neno hakumpa mtoto wa watu," mwingine akadakia. "Kisa sufuria! Kweli huyo hana utu."

Sheikha alikuwa amekaa mlangoni akiosha vikombe vya kahawa. Alihisi uso unamwaka moto. Alitaka kusema, sivyo, akazidi kusugua kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Nyanya aliuchukua ule ungo mtupu, akampa mtu. "Tutafuteni mtu mwingine wa kutia hina," alisema. "Wasema yuko mmoja Mtongwe." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni vumbi la mchele.

Sheikha aliviacha vikombe, akatoka nje. Kafedha alimkuta nyuma ya banda la kuku ameinama, ameshika tumbo.

"Mlango wa kuku tena?"

Sheikha alitikisa kichwa, halafu akasema yote kwa mkupuo mmoja: pazia, kikohozi, hodi tatu, na jibu alilompa Shangazi. Kafedha alimsikiliza mdomo wazi.

"Kwa hivyo mwenyewe hajui kama kaalikwa?"

"Hajui."

"Na huko ndani wamtukana bure?"

Sheikha akaanza kulia. Kafedha, ambaye kwa kawaida angemcheka, alichuchumaa karibu naye.

"Nenda ukamwambie Nyanya yako."

"Atanichukia. Arusi imeharibika kwa sababu yangu."

"Bado haijaharibika. Hina ni keshokutwa. Lakini ukikaa huku na kuku, itaharibika kweli."

Wanawake walipokwisha kwenda zao, Nyanya alibaki peke yake ukumbini akimalizia ungo wa mwisho. Sheikha alisimama mbali, akasogea kidogo, akasimama tena.

"Ndoo hapa karibu nami, mwanangu," Nyanya alisema bila kuinua kichwa. "Siku zote hizi nakuona wazunguka. Una nini?"

Sheikha alikaa. Alisema akiitazama mikono ya Nyanya, si uso wake. Alisema alivyonong'ona, na alivyofurahi kutojibiwa, na alivyomjibu Shangazi. Vidole vya Nyanya vilisimama juu ya mchele.

"Kwa hivyo Mwanatatu hakunikataa," Nyanya alisema mwishowe.

"Hakukukataa, Nyanya. Hakusikia."

"Alhamdulillahi," Nyanya alisema, akashusha pumzi. Kisha uso ukawa mkavu. "Lakini umefanya vibaya, Sheikha. Umeacha watu wamle mtu nyama na wewe wajua ukweli. Hilo silifichi."

"Najua, Nyanya."

Mama, aliyekuwa mlangoni na sahani mkononi, alikuwa amesikia. Alikuja, akampakata Sheikha kama mtoto mdogo. "Na tumbo lile," alisema polepole, "siku zote lilikuwa hofu? Nami nikamnywesha mtoto dawa ya minyoo!" Alicheka na kulia pamoja. "Basi, usihangaike. Namtuma Shangazi sasa hivi akamwalike."

"La," Nyanya alisema. "Ngoja kwanza." Alimsogezea Sheikha ungo. "Hofu yako, mwanangu, yakwambia nini ukifika pale mlangoni? Niambie moja moja. Usinifiche."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Sheikha swali hilo. Watu walimwambia usiogope, basi, wakaendelea na kazi zao.

"Yaniambia atanikemea."

Nyanya aliokota punje moja ya mpunga iliyobaki na ganda lake. "Hii ni nini?"

"Chuya."

"Ukiila yakuua?"

"Haiui. Yakera tu."

"Mwanatatu akikukemea?"

Sheikha alifikiri. "Nitangoja amalize."

Nyanya aliiweka chuya pembeni. "Nyingine."

"Nitasahau maneno."

"Ukiyasahau?"

"Nitasema... nitasema nimeyasahau, lakini nimetumwa nikualike."

"Chuya hiyo pia. Nyingine."

Waliendelea hivyo. Nitatetemeka: chuya, kutetemeka hakumzuii mtu kusema. Majirani watanitazama: chuya, macho ni yao. Chuya zilirundikana pembeni, na Sheikha aliona ajabu, maana kichwani mwake zilikuwa kubwa sana, na hapa zilikuwa kitu cha kuokota kwa vidole viwili.

Halafu akasita. "Nyanya, na kama ameumia kweli? Kama amekasirika kwa sababu yangu?"

Nyanya aliupekua mchele, akatoa jiwe dogo jeusi, akaliweka kwenye kiganja cha Sheikha.

"Hilo ndilo jiwe. Hilo si la kuwazwa, ni la kutolewa, maana likibaki litavunja mtu jino. Shangazi yako aweza kwenda. Lakini aliyelitia ni wewe, na mimi naona waweza kulitoa. Ukitaka kwenda, nenda. Ukishindwa, rudi uniambie nimeshindwa, nami sitakucheka, tutamtuma yeye. Ila usinidanganye."

Sheikha alilifumbata lile jiwe. "Nitajaribu," alisema.

"Na tumbo likianza, weka mkono hapa, utoe pumzi taratibu, kama mtu anayepoza uji. Usingoje liache kuuma. Piga hodi nalo likiuma vivyo hivyo."

Kesho yake, walipotoka shule, Kafedha aliangika kanga kwenye kamba ya nguo, akajificha nyuma yake, akajifanya Bi Mwanatatu.

"Hodi," Sheikha alisema.

"Sisikii! Ni panya huyo?" Kafedha alinguruma.

"Hodi!"

"Panya kakua kidogo! Hebu tena!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Walifanya hivyo mara nyingi. Kafedha mara alikuwa mkali, mara alijifanya analia, mara alimwambia Sheikha ondoka. Na kila mara Sheikha alipata jambo la kumjibu. Jua lilipopungua makali, Sheikha alivaa mtandio safi, wakaongozana. Kwenye pembe ya njia Kafedha alisimama.

"Mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Lakini siendi mahali."

Pazia lilikuwa limeteremshwa kama siku ile. Tumbo la Sheikha lilianza kujisokota. Halikujua habari ya mazoezi wala ya chuya. Aliweka mkono juu yake. Alitoa pumzi, akapoza uji.

"Hodi," alisema, na sauti ikatoka nyembamba.

Kimya. Miguu yake ilitaka kugeuka. Aliizuia.

"Hodi."

Kimya. Alilibana lile jiwe mkononi, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akaiachia.

"HODI!"

Kuku wa Bi Mwanatatu walitimka uani. Mbuzi akalia. Mwanamke wa nyumba ya pili akaitika, "Karibu!" bila kujua anamkaribisha nani, na kutoka pembe ya njia kilisikika kicheko cha Kafedha.

"Ni nani huyo?" sauti ilivuma nyuma ya pazia. "Nyumba yawaka moto?"

Pazia lilifunguka. Bi Mwanatatu alisimama pale na urefu wake wote.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu."

"Marahaba. Wewe si wa kwa Faraj?"

"Abee. Watu wa kwa Bwana Faraj wakusalimia sana. Arusi ya Ruwaida ni Alhamisi, na hina... na..." Maneno yaliruka yote kama wale kuku. Sheikha alitoa pumzi. "Nimeyasahau. Lakini nimetumwa nikualike. Na nilitumwa zamani, Bi Mwanatatu. Nilikuja siku ile, nikaogopa, nikapiga hodi kwa kunong'ona, nikaondoka. Nyumbani hawakujua. Kosa ni langu, si lao. Nyanya alisema ualikwe vizuri. Alikuwekea mahali pako kwenye mkeka. Naomba unisamehe."

Bi Mwanatatu alikaa taratibu juu ya kiti kidogo kilichokuwa nyuma ya pazia, na Sheikha akaona kwamba kutoka pale mtu angeweza kuona njia yote kwa chini ya kitambaa.

"Niliiona miguu," Bi Mwanatatu alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Siku ile nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nikaona miguu ya mtoto ikija, ikasimama, ikaondoka. Sikusikia kitu. Nikasema, wamemtuma mtoto aje asimame tu mlangoni, ili wakiulizwa waseme tulifika. Niliumia, mwanangu. Wallahi niliumia sana."

"Nisamehe," Sheikha alisema tena, na machozi yakamtoka.

"Ndoo." Mwanamke yule mrefu alimvuta karibu. "Mimi najua nina sauti mbaya. Watoto wote wanikimbia. Lakini sijala hata mmoja." Kisha akaonyesha pembeni. Palikuwa na kinu, na ndani ya kinu majani ya hina yaliyokauka, tayari kutwangwa. "Haya niliyachuma tangu niliposikia Ruwaida anaposwa. Jumatatu nilivaa buibui langu, nikafika mpaka pembe ya nyumba yenu. Nikasikia wanavyocheka ndani. Nikasema, nitaingiaje sikualikwa? Na wakinitazama vibaya? Nikarudi."

Sheikha alimtazama kwa mshangao. "Uliogopa?"

"Niliogopa," Bi Mwanatatu alisema. "Na umri wote huu."

Jumatano alasiri nyumba ilijaa tena. Ruwaida alikuwa amekaa katikati ya ukumbi, ametandikiwa mkeka mpya, na mahali pa mtiaji hina palikuwa bado patupu. Wale waliosema maneno Jumatatu walikuwa kimya, maana Sheikha alikuwa amesimama mbele yao na kuwaambia mwenyewe, sauti ikitetemeka, kwamba Bi Mwanatatu hakuwa na kosa. Vigelegele vilikuwa vingi, matari yalikuwa yakilia. Nyanya alitazama pazia.

"Alisema atakuja?" alimuuliza Sheikha kwa mara ya pili.

"Alisema inshallah, Nyanya."

Matari yaliendelea. Hakuna aliyesikia kitu. Lakini Sheikha, aliyekuwa karibu na mlango na vikombe vyake, alisikia. Ilikuwa sauti ndogo, ndogo mno, ya mtu anayetaka kusikika na anayeogopa kusikika.

"Hodi," sauti ilinong'ona nje ya pazia.

Sheikha aliinama. Chini ya kitambaa aliona miguu miwili mirefu iliyovaa champali mpya. Miguu hiyo ilijongea kidogo, ikarudi nyuma kidogo. Alijua kabisa ilivyokuwa inajisikia.

Aliweka vikombe chini. Hakungoja hodi ya pili.

"Karibu, Bi Mwanatatu!" alisema kwa sauti iliyopita matari yote. "Karibu ndani, twakungoja wewe!"

Matari yalinyamaza. Pazia lilifunguka, na Bi Mwanatatu akaingia na bakuli la hina mikononi, macho yamemjaa maji. Nyanya alijiinua kutoka mkekani, magoti yakimuuma, kabla mtu hajamshika.

"Mwanatatu."

"Mahfoudha."

"Sufuria yako nilipeleka kuzibwa," Nyanya alisema. "Tangu mwaka jana iko chini ya kitanda changu. Sikujua niirudishe vipi."

"Sufuria gani? Mimi hata siikumbuki," Bi Mwanatatu alisema, na watu wote wakajua kwamba anadanganya, na huo ukawa uongo uliosamehewa pale pale. Walikumbatiana, na vigelegele vikapaa mpaka Kafedha, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaziba masikio.

Bi Mwanatatu alipomaliza mikono ya Ruwaida, alimwita Sheikha. Alikishika kiganja chake cha kulia, akaanza kukichora ua dogo.

"Nyanya yako kanieleza habari ya tumbo. Laendeleaje?" alimuuliza.

"Leo asubuhi liliuma."

"Na kesho litauma," Bi Mwanatatu alisema. Nyanya alikuwa karibu, akaitikia kwa kichwa. "Sikia, mwanangu. Mimi na nyanya yako ni watu wazima, na tuliacha hofu itutenge, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Wewe ulikosa, lakini ulikuja ukasema. Ukiwa na wasiwasi mwambie mtu, usikae nao peke yako ukakua. Kisha fanya jambo lako hivyo hivyo, hata kama watetemeka. Usingoje mpaka usiogope kabisa, maana waweza kungoja mpaka uzeeke kama mimi."

"Na usiseme uongo ili upate raha," Nyanya aliongeza.

"Abee," Sheikha alisema.

"Sasa kiganja hiki usikifunge mpaka hina ikauke," Bi Mwanatatu alisema.

Sheikha alikaa na kiganja wazi mpaka jua lilipozama. Hakukumbuka hata mara moja kwenda kutazama mlango wa kuku. Na wiki iliyofuata, ile sufuria iliyozibwa iliporudishwa kwa mwenyewe, Sheikha na Kafedha waliibeba huku na huku, wakafika mbele ya pazia, na Kafedha akavuta pumzi apige hodi.

"Niachie," Sheikha alisema. "Mlango huu ni wangu."